Namna ya kumfundisha mtoto mdogo habari za taka, kwa sisi wa Mwanza na mwambao wa ziwa

Mtoto wa chekechea humfundishi taka kwa kumwambia "tutunze mazingira". Atakujibu ndiyo madam kwa sauti kubwa kabisa, alafu dakika mbili mbele mfuko wa barafu unadondoka palepale alipo na hata hajui kama umedondoka. Kinachomwingia mtoto ni kitu anachoweza kukifuata kwa macho yake: hiki kilikuwa mkononi kwangu, kimeenda wapi, nani kakichukua, kimekuwa nini. Na hapo ndo sisi wa Mwanza tuna bahati, maana njia nzima ya taka iko wazi, unaianza mlimani mlangoni kwako unaimaliza ziwani kwa miguu tu.

Mwongozo huu ni kwa mzazi, mwalimu wa awali, dada wa nyumbani, bibi, yeyote anayeshinda na watoto wa kama miaka mitatu hadi nane. Sio lazima ufuate zote, ila hatua ya kwanza usiiruke.

Kwanza kabisa, vitu ambavyo mtoto hashiki

Hii haina mjadala. Wembe, sindano, vipande vya chupa, pampasi, vidonge, makopo ya dawa ya wadudu na betri. Betri naisema kwa mkazo kwasababu watoto wetu wanapenda kuzipasua kwa jiwe watoe ile nyeusi ya ndani wachoree ukutani, na wakubwa wengine tumekua tukiona ile nyeusi inachanganywa na mkaa kupaka ubao wa shule kwaiyo tunaona kawaida. Sio kawaida, ndani mna kemikali inayounguza ngozi na macho. Mfundishe neno moja tu, "ita mkubwa", akikutana na hivi vitu asiguse, asiwe shujaa, aite. Na kila zoezi liishe kwa maji na sabuni, kama huna sabuni siku hiyo ahirisha zoezi.

Hatua ya 1: Mwaga ndoo ya taka chini

Najua inasikika vibaya, ila fanya. Tandika kiroba au turubai uani, chukua taka za siku moja tu za nyumbani (za siku tatu zitawafukuza wote), wewe mwenyewe pitia kwanza utoe zile za hatari, alafu mwaga. Waache watoto wapange wanavyotaka wao. Mara nyingi wataanza kwa rangi, vyekundu huku vyeupe kule, au vikubwa na vidogo, waache, usiwakatize. Wakimaliza ndo uwaulize maswali matatu, na haya maswali ndo moyo wa mwongozo mzima kwaiyo yashike:

Hiki, mbuzi au kuku anakula, au kinaoza?
Hiki, tunaweza kukitumia tena hapahapa nyumbani?
Hiki, kuna mtu anakinunua?

Maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya ugali, majani ya mchicha, yote yanakwenda swali la kwanza, na mtoto atashangaa kuona lile fungu ndo kubwa kuliko yote. Hata mkubwa anashangaa, tunajiona tuna plastiki nyingi kumbe sehemu kubwa ya ndoo ni jikoni. Dumu, boksi, chupa ya jam, ndala iliyokatika, hivyo ni swali la pili. Makopo ya maji, mabati, misumari, sufuria iliyotoboka, swali la tatu. Kinachobaki, ambacho hakuna swali lililokipata, ndo taka yenyewe, mifuko ya ubuyu, maganda ya biskuti, vile vifungashio vyembamba. Mwonyeshe hilo fungu dogo. Mwache aliangalie. Kwa mtoto wa miaka mitano hilo ni somo tosha la siku, fungeni nendeni mkanawe.

Hatua ya 2: Ndoo zenye picha

Usinunue zile ndoo za rangi rangi za dukani. Ndoo chakavu za rangi ya nyumba zinatosha, au viroba vitatu vimening'inizwa ukutani kwa misumari kimo cha mtoto. Watoto wachore wenyewe: kuku kwa ndoo ya mabaki, mzani kwa ndoo ya vya kuuza, na ya tatu, ya ile taka yenyewe iliyobaki, wanachagua wao wachore nini. Vya kutumia tena havihitaji ndoo, weka boksi moja kubwa stoo au chini ya kitanda, na boksi likijaa ndo mwisho, hakuna kuongeza mpaka kitu kitoke. Bila hiyo sheria utajikuta unalea stoo ya madumu.

Mwambie na dada, na baba, na bibi. Mtoto akipanga asubuhi alafu mchana akaona mkubwa kamwaga vyote pamoja, umekwisha, haamini tena.

Hatua ya 3: Kaifuateni taka

Hii ndo naipenda kuliko zote. Chagua siku kavu, asubuhi, watoto wachache, kila mkubwa mmoja ashike wawili si zaidi.

Anzeni juu. Wengi wetu tunakaa milimani, Mabatini, Igogo, Isamilo, kule ambako nyumba imekaa kwenye jiwe na gari la taka halipandi, linaishia barabarani chini. Sasa anayeona uvivu kushusha kiroba mpaka kwenye ghuba la kukusanyia taka anasubiri nini? Mvua. Mvua ikinyesha anamwaga kwenye mfereji na inaondoka, safi, kwake hakuna uchafu. Muulize mtoto: imeenda wapi? Fuateni mfereji. Mtakuta makopo yamekwama kwenye kona, nguo, yeboyebo moja, na mfereji unashuka unaungana na mwingine mpaka Mto Mirongo, unaopita katikati ya mji kabisa, simameni pale juu ya daraja muangalie. Alafu mto unaelekea wapi? Ziwani, watasema wenyewe.

Malizieni sehemu iliyo wazi ya ufukweni, ila msiingie kwenye maji. Ukingoni kina kirefu kinaweza kuanza ghafla na pia kuna kichocho, kile kimelea kinatoka kwenye konokono wa majini kinapenya kwenye ngozi, mtoto hasikii hata kuumwa. Mwelezeni kuwa maji ya bomba ya mjini yanavutwa humuhumu ziwani, yanasafishwa ndo yanaletwa nyumbani. Uone sura zao. Chai ya asubuhi imetoka huko.

Wakubwa kidogo, wa darasa la kwanza la pili, wape na habari ya samaki. Kuna utafiti ulichapishwa 2016, wataalamu walinunua sangara na sato hapahapa soko la bandari Mwanza, wakapasua matumbo, na katika kila aina mmoja kati ya watano alikutwa na vipande vya plastiki tumboni. Plastiki haiozi, jua na mawimbi vinaimega inakuwa vipande vidogo dogo mpaka samaki anadhani chakula. Hii habari itoe kwa akili. Ukiitisha sana mtoto atagoma kula samaki, na mtoto wa Mwanza asiyekula sato utamlisha nini? Mwambie vilikutwa tumboni, na matumbo tunayatoa tukipaa samaki, ila samaki mwenyewe hakuomba kula ndala ya mtu.

Hatua ya 4: Zika, subiri, fukua

Chukua ganda la ndizi, jani la mwembe, karatasi ya daftari, kipande cha khanga kuukuu ya pamba, mfuko wa ubuyu na kizibo cha soda. Kila kimoja kifunge ndani ya kipande cha wavu chakavu, wavu wa nailoni hauozi kwaiyo siku ya kufukua utavipata vyote, ukivizika hivihivi utachimba mpaka uchoke. Zika kina cha kiganja, weka mawe juu kwasababu kuku wa jirani hawajui kama ni somo, na mwagia maji mara mojamoja kama ni kiangazi. Unakaa kwenye mwamba huna udongo? Jaza udongo kwenye ndoo iliyotoboka, inafanya kazi ileile.

Kabla hamjafukia kila mtoto aseme anadhani kipi kitapotea kwanza. Andika ukutani kwa chaki majina yao na walichotabiri. Baada ya kama mwezi fukueni. Ganda litakuwa limekuwa jeusi au halipo, jani limelegea limetoboka, karatasi inachanika ukiigusa, kizibo kimeanza kutu, na mfuko wa ubuyu uko vilevile, ukiusuuza unaweza kuuwekea ubuyu mwingine (usifanye). Zika tena vilivyobaki mrudie muhula ujao. Mfuko bado utakuwepo.

Hapo ndo pa kuwaambia kwanini mifuko ya rambo haipo madukani, kwamba serikali iliipiga marufuku nchi nzima kuanzia tarehe 1 Juni 2019, kabla wengine hawajazaliwa. Watauliza mbona huu wa ubuyu upo. Swali zuri, jibu la kweli ni kwamba vifungashio vya bidhaa havikukatazwa vyote na pia kuna wanaouza kinyemela. Usimdanganye mtoto kwa kumpa jibu la kupendeza.

Hatua ya 5: Kutumia tena, lakini kitu kitumike kweli

Hapa niseme la moyoni. Yale maua ya makopo yaliyopakwa rangi, yanabandikwa ukutani siku ya wazazi alafu wiki inayofuata yanatupwa pamoja na gundi na rangi juu, hayo siyaelewi. Umechelewesha taka siku chache na ukaiongezea uzito. Kitu cha kutumia tena kipimo chake ni kimoja, mwezi ujao kitakuwa bado kinatumika?

Na watoto wetu wanajua hii kazi kutuzidi. Rede inachezwa na mpira wa soksi na kopo la kujaza mchanga. Drafti ni vizibo vya soda, huyu kageuza juu mwingine chini. Gari la boksi lina magurudumu ya ndala. Kwaiyo usianze kwa kuwafundisha, anza kwa kuwauliza wakuonyeshe, alafu ongezea. Vizibo hamsini kwenye kikopo ni vifaa vya kuhesabia mwaka mzima, bure, toboa wewe kwa msumari wavitunge kwenye uzi makumi makumi. Ukiwa karibu na mialo, kule wavuvi wanakoshushia samaki, wapeleke wakaone wavu uliozeeka ulivyozungushiwa bustani ya mchicha kuzuia kuku, waulize wavuvi wenyewe, watawaelezea kwa raha.

Kama mnatengeneza kitu kimoja tu, tengenezeni kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloinamishwa kwa mguu. Dumu la lita tano, lililokuwa na mafuta ya kula au maji, kamwe sio lililobeba dawa. Mkubwa anapasha msumari moto anatoboa katundu kamoja upande wa mbele, ule usio na mshikio, chini kidogo ya shingo. Simika miti miwili yenye panda, laza mti mwingine juu yake, pitisha huo mti kwenye mshikio wa dumu lining'inie. Toboa mfuniko, pitisha kamba, ndani ipige fundo isichomoke, nje ishuke mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia ambacho ncha yake moja imelala chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, ukiachia linarudi. Hakuna aliyegusa bomba kwa mkono mchafu. Sabuni iweke kwenye soksi kuukuu au kipande cha wavu uifunge pembeni, chini mwaga kokoto pasiwe tope. Usijaze dumu mpaka juu litamwaga lenyewe, maji yaishie chini ya tundu. Wape zamu, leo fulani anajaza kesho fulani, na hiyo zamu wataigombania kweli.

Hatua ya 6: Wapeleke kwa anayenunua

Kwenye mtaa wako lazima kuna anayenunua makopo na skrepa, ana mzani umening'inia na mlima wa viroba. Mtafute siku moja kabla umwombe, wengi wanakubali. Watoto wabebe makopo yao, wameyasuuza, wametoa vizibo, wameyakanyaga yakawa bapa (kukanyaga makopo ndo furaha ya siku nzima, tenga mda). Waone yanapimwa, waone hela kidogo inatoka. Itakuwa kidogo sana, makopo hayana uzito, na hilo nalo ni somo, anayeishi kwa kazi hii anatembea mno. Hela waamue wao inunue nini, kalamu za rangi, mbegu, chochote kitakachoonekana.

Waelezeeni kwa ufupi: ndoo na madumu yanasagwa vipande vidogo, yanaoshwa, yanayeyushwa, yanaweza kuwa ndoo au beseni tena. Kopo la maji linaweza kufanywa nyuzi za nguo. Chuma kinayeyushwa kinakuwa chuma tena. Chupa ya soda ya kioo hata haiyeyushwi, ndo maana muuza duka anadai chupa yake, inarudi kiwandani inaoshwa inajazwa, kwaiyo hiyo uliyoshika huenda wameshainywea wengi kabla yako. Na waambie kuna jahazi, linaitwa Flipflopi, limejengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa ndala za rangi zote, liliingia majini 2018 na 2021 lilikuja mpaka huku Ziwa Victoria. Tafuta picha yake kwenye simu. Ukimaliza kuwaonyesha hutasikia habari nyingine wiki nzima.

Sasa jambo zito. Watoto wengi mitaani wanamzomea anayeokota makopo, wanamwita chizi, wanamkimbia au kumrushia vitu, na hawajajifunza hilo peke yao, wametusikia sisi tukitishia "utachukuliwa na yule wa makopo". Tuache. Kama kweli unamfundisha mtoto habari za taka, huyu ndo mtaalamu wa mtaa, anajua kopo lipi linanunuliwa na lipi halinunuliwi kuliko mimi na wewe. Watoto wamsalimie, shikamoo mama, shikamoo baba, wamkabidhi makopo mkononi au wayaweke kwenye kiroba safi nje ya geti asichambue pampasi kuyatafuta. Vivyo hivyo kwa watu wa gari la taka.

Onyo dogo: chuma kinalipa vizuri kuliko makopo, na mtoto mjanja ataligundua hilo haraka. Wekeni sheria kwamba chuma kinapita kwa mkubwa kwanza, la sivyo utatafuta mfuniko wa sufuria yako mpaka jioni.

Hatua ya 7: Mabaki ya jikoni

Kama jirani ana mbuzi au kuku, kazi imeisha, mtoto awe mpelekaji. Kama hakuna, kiroba kimoja: majani makavu chini, maganda, udongo, majivu kidogo sana, maganda tena, udongo. Kiwe na unyevu sio kulowa, kitobolewe pembeni hewa ipite, mkoroge kila wiki. Nyama na mifupa ya samaki usiweke, utaita panya na paka wote wa kata. Miezi miwili mitatu unapata mboji nyeusi, otesha mchicha.

Na kuchoma je?

Kila mzazi anauliza. Majani makavu na karatasi kidogo sawa mtasema, ila plastiki hapana, moshi wake una sumu na mtoto ndo anasimama karibu zaidi kwasababu moto unamvutia. Na kuna ile tabia yetu ya kuwashia jiko la mkaa kwa kipande cha mfuko au kopo, inashika haraka kweli, lakini ule moshi unaingia kwenye chakula na kwenye kifua cha aliyeinama anapuliza. Magunzi makavu ya mahindi yanawasha vizuri, mtoto apewe kazi ya kuyaanika juani na kuyahifadhi kwenye kiroba mvua isiyakute.

Ikishaanza kushika

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtaa mzima unafanya usafi, mpe mtoto kipande chake, mbele ya mlango tu, na fagio la saizi yake. Mfereji waachie wakubwa.

Jiandae pia kuumbuliwa. Utakuwa kwenye daladala ya Buhongwa mtu mzima anarusha kopo dirishani, na mwanao anauliza kwa sauti gari zima lisikie, "mama, mbona yule babu anatupa ziwani?" Usimnyamazishe kwa kumfinya, na pia usimwache amsute mtu mzima, kwetu haikai. Mjibu yeye, kwa sauti ya kawaida, kuwa letu tutalibeba mpaka nyumbani. Kwaiyo kwenye begi lake la shule mshonee kimfuko cha kitambaa, chenye kamba ya kuvuta, maganda ya karanga na vijifuko vya ubuyu viingie humo njiani, na Ijumaa akifika nyumbani akimwage kwenye ndoo zake, akigeuze, akifue mwenyewe.